Je, Mbingu Zatuletea Ujumbe? Habari za Nyota Yenye Mkia

Tangu zamani sana wanadamu wametazama juu usiku na kujiuliza swali moja: Je, vitu hivi vyote, yaani jua na mwezi na nyota zisizohesabika, vina neno la kutuambia, au vyaenda zake tu bila kujali kwamba tupo? Swali hili si la wataalamu peke yao. Mkulima aliyefiwa na mtoto huliuliza, na mfalme aliyezungukwa na adui huliuliza. Maana mtu aliye katika taabu hutamani kujua kama taabu yake inajulikana mahali pengine nje ya nyumba yake.

Katika makala hii hatutashindana kwa maneno ya falsafa. Tumeona ni afadhali kufuata historia ya kitu kimoja ambacho watu wa nchi nyingi walisadiki kwamba chaleta ujumbe, nacho ni nyota yenye mkia, hasa ile iitwayo nyota ya Halley. Nyota hii hurudi kila baada ya miaka 76 hivi, huonekana kwa macho bila darubini, na habari zake zimeandikwa kwa muda wa miaka zaidi ya 2,200. Kwa kuwa mataifa mengi yameitazama, na kila moja limeandika lilivyodhani, twaweza kulinganisha maneno yao kama hakimu alinganishavyo maneno ya mashahidi.

Mashahidi wa kwanza ni Wachina, walioandika habari za nyota hii mwaka wa 240 kabla ya Kristo. Baada yao twapata waandishi wa Babeli, katika nchi iitwayo leo Iraki, walioiandika juu ya vibao vya udongo katika mwaka wa 164 na tena mwaka wa 87 kabla ya Kristo. Katika nchi hizo mbili kuitazama mbingu ilikuwa kazi ya serikali. Wachina waliiita nyota ya namna hii "nyota ya ufagio", kwa sababu mkia wake wafanana na ufagio, na ufagio huondoa vya kale. Basi waliihofia kuwa dalili ya mageuzi katika utawala. Kadhalika Wababeli waliamini kwamba ishara za mbinguni zilimhusu mfalme na ufalme wake. Wala tusidhani kwamba watu hao walikuwa wajinga. Waliandika kwa uangalifu siku na mahali nyota ilipoonekana, hata wataalamu wa siku zetu wametumia maandishi yao kuhesabu njia yake. Macho yao hayakuwadanganya. Kilichowapoteza ni kudhani kwamba kila kinachoonekana juu kimeandikiwa mtu aliye chini.

Sasa natuje Ulaya, mwaka wa 1066. Mwezi wa Januari mwaka huo Harold alitawazwa kuwa mfalme wa Uingereza, na ng'ambo ya bahari William, mtawala wa Normandy, alikuwa akidai kwamba kiti hicho ni chake. Mwezi wa Aprili nyota yenye mkia ikatokea, ikang'aa sana. Kuna kitambaa kirefu cha karibu meta 70, kijulikanacho kwa jina la mji wa Bayeux wa Ufaransa, ambacho mafundi wa zamani walikitarizi kwa nyuzi za rangi ili kusimulia habari za vita hiyo. Katika kitambaa hicho twaona watu wakiinyoshea nyota vidole kwa mshangao, na karibu yao mfalme Harold amekaa katika kiti chake akipashwa habari. Tarehe 14 Oktoba Harold aliuawa katika vita ya Hastings, na William akatawala.

Baada ya vita watu walisema: "Tazameni, nyota ilisema kweli." Lakini sisi twauliza: ilisema na nani? Kwa Harold ilikuwa tishio, na kwa William ilikuwa ahadi. Tena mwaka ule ule Wachina nao waliiona na kuiandika, ilhali hawakuwa na habari yo yote ya Harold wala ya William. Barua isomwayo na mtu mmoja kuwa "utashindwa", na mwingine kuwa "utashinda", na mtu wa tatu aliye mbali akadhani yasema habari za nyumba yake mwenyewe, je, ni barua? Mtu mwenye akili angesema kwamba kila mmoja amesoma yaliyokuwa tayari moyoni mwake.

Mwaka wa 1456 nyota hii ilirudi tena. Miaka mitatu nyuma, mwaka wa 1453, Sultani Mehmed wa Pili alikuwa ameuteka mji wa Constantinople, na sasa majeshi yake yaliuzunguka mji wa Belgrade. Watu wa Ulaya walikuwa na hofu kuu, na Papa Calixtus wa Tatu aliamuru sala zisaliwe kwa ajili ya vita hiyo. Baadaye hadithi ikaenea kwamba Papa huyo aliilaani nyota na kuitenga na Kanisa, kama mtu amtengavyo mwasi. Hadithi hii imerudiwa katika vitabu vingi, lakini waraka wake wa mwaka ule hautaji nyota hata kidogo. Hapo twajifunza jambo: desturi ya kutia maneno katika vitu visivyosema haikuishia katika nyota, bali iliingia hata katika habari za nyota. Na mji wa Belgrade haukutekwa mwaka ule.

Ubaya wa desturi hii ni upi? Mtu aweza kusema kwamba hofu ya nyota haimdhuru mtu, tena humkumbusha kutengeneza mwenendo wake. Aliyelipinga wazo hili kwa nguvu alikuwa mwalimu mmoja Mfaransa, Pierre Bayle. Nyota kubwa yenye mkia, ambayo si ile ya Halley, ilitokea mwaka wa 1680 ikawatisha watu wengi, naye mwaka wa 1682 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Bayle alionyesha kwamba miaka inayofuata nyota hizo haina misiba mingi kuliko miaka mingine. Msiba ukifuata, watu huikumbuka nyota. Msiba usipofuata, nyota husahauliwa. Na ni mwaka gani duniani usio na kifo cha mkubwa, au njaa, au vita katika nchi fulani? Atafutaye msiba hukosi kuupata. Hasara ni kwamba mtu atazamaye juu kutafuta sababu ya njaa huacha kutazama ghala iliyo tupu na mtawala aliyeiacha iwe tupu.

Wakati huo maarifa mengine yalikuwa yamekwisha kuanza. Wengi wa Ulaya walikuwa wamefuata maneno ya Aristotle, kwamba nyota yenye mkia si nyota, bali ni pumzi ya dunia iliyopanda hewani na kuwaka moto chini ya mwezi. Mwaka wa 1577 Tycho Brahe wa Denmark aliipima nyota moja ya namna hii kutoka kisiwa cha Hven. Msomaji aweza kuielewa hila aliyoitumia. Inua kidole mbele ya uso wako, ukifumbe jicho moja na kisha jingine: kidole chaonekana kuhama. Kisogeze mbali, nacho chahama kidogo tu. Basi kitu kilicho karibu nasi, kikitazamwa kutoka miji miwili iliyo mbalimbali, lazima kionekane mahali tofauti mbele ya nyota za nyuma yake. Tycho alilinganisha vipimo vyake na vya mtazamaji wa Prague, akaona kwamba nyota ile haikuhama kama mwezi uhamavyo. Kwa hiyo ilikuwa mbali kupita mwezi. Haikuwa moshi wa dunia yetu wala haikuzaliwa na dhambi zetu. Ilikuwa msafiri apitaye katika anga kubwa.

Lakini msafiri huyu alikwenda wapi? Hapa ndipo anapoingia Edmond Halley, Mwingereza aliyezaliwa mwaka wa 1656. Wasomaji wetu wa pwani watapenda kujua kwamba mtu huyu, kabla ya kujulikana kwa habari ya nyota, alichora ramani ya pepo za bahari za nchi za joto, akaitoa mwaka wa 1686. Na ndani yake mlikuwamo pepo za Bahari ya Hindi zinazogeuka kwa majira, ambazo sisi twaziita kusi na kaskazi. Aliyakusanya maneno ya mabaharia, akatafuta sababu ya pepo hizo katika joto la jua. Mwaka uliofuata, yaani 1687, rafiki yake Isaac Newton alitoa kitabu kikubwa kinachoeleza nguvu ya uvutano, ambayo kwayo jua huzishika sayari katika njia zao. Na Halley ndiye aliyetoa fedha za kukipiga chapa.

Halley alikuwa ameiona nyota yenye mkia ya mwaka wa 1682. Akakaa akakusanya vipimo vya nyota 24 za namna hiyo, akahesabu njia ya kila moja kwa kanuni za Newton, kazi ya kuchosha sana kwa mtu asiye na mashine. Mwaka wa 1705 alitangaza aliyoyaona. Nyota ya mwaka wa 1531, na ile ya 1607, na ile ya 1682, zilipita katika njia moja karibu sawasawa. Kutoka ya kwanza hata ya pili ni miaka 76, na kutoka ya pili hata ya tatu ni miaka 75. Akasema hizo si nyota tatu, bali ni moja, nayo hulizunguka jua katika njia yenye umbo la yai lililorefushwa sana. Akatabiri kwamba itarudi karibu na mwisho wa mwaka wa 1758.

Wasomaji na wafikiri juu ya neno hili. Halley alijua kwamba kama angaliishi hata mwaka huo angalikuwa na umri wa miaka 102. Aliandika ahadi ambayo yeye mwenyewe hangeweza kuiona ikitimia, akaiacha mikononi mwa watu ambao hawajazaliwa, akiomba tu kwamba, nyota ikirudi, wakumbuke kuwa aliyeitambua kwanza alikuwa Mwingereza. Akafa mwaka wa 1742.

Watu hao hawakuiacha kazi yake. Huko Paris, Alexis Clairaut alijua kwamba sayari kubwa, Mshtarii na Zohali, zingeivuta nyota na kuichelewesha. Yeye na Jérôme Lalande, pamoja na mwanamke hodari wa hesabu aitwaye Nicole-Reine Lepaute, walihesabu kwa miezi mingi, wakashindana na nyota isije ikawatangulia. Mwezi wa Novemba 1758 walitangaza kwamba nyota italikaribia jua kabisa katikati ya mwezi wa Aprili 1759, pengine ikitofautiana mwezi mmoja. Usiku wa tarehe 25 Desemba 1758, karibu na mji wa Dresden, mkulima mmoja aitwaye Johann Georg Palitzsch, mtu aliyejifunza elimu ya nyota kwa bidii yake mwenyewe, akaiona kwa darubini yake. Ikalikaribia jua tarehe 13 Machi 1759, siku 33 hivi kabla ya siku iliyohesabiwa.

Tangu siku hiyo nyota yenye mkia haikuweza tena kuhesabiwa kuwa tarishi wa ghafula. Tarishi aletaye habari za kifo cha mfalme hawezi kuwa na ratiba iliyoandikwa miaka 53 kabla. Lakini yatupasa kukiri kwamba wengine waliona hasara katika ushindi huu. Zamani mtu aliogopa mbingu, lakini alidhani kwamba mbingu zamjua. Sasa alipata mbingu zisizomtisha wala kumwita kwa jina. Je, ni afadhali tishio litokalo kwa anayekujua, au amani itokayo kwa asiyekujua? Swali hilo si jepesi, na si haki kumcheka mtu alionaye uchungu.

Tena tusiseme kwamba hesabu ya Halley ilimaliza kila neno. Newton mwenyewe aliandika mwaka wa 1713 kwamba utaratibu huu mzuri wa jua na sayari na nyota zenye mkia haungeweza kutokea ila kwa shauri la mwenye akili na uwezo. Halley naye, mwaka wa 1691, alikosa kazi ya ualimu wa elimu ya nyota huko Oxford, na watu wengi walimshuku kuwa imani yake si kamili. Watu hawa wawili walikuwa marafiki, walitumia kanuni moja, waliihesabu njia moja, wala njia hiyo haikuwalazimisha kuwa na moyo mmoja. Kwa hiyo nyota hii si shahidi wa mwamini wala wa asiyeamini. Yaonyesha njia yake tu.

Mtu angedhani kwamba baada ya hapo hofu ilikwisha. Haikuwa hivyo. Nyota iliporudi mwaka wa 1910, wataalamu wa Marekani walipima nuru yake wakaona ndani ya mkia dalili za hewa ya sumu. Tena ilihesabiwa kwamba usiku wa tarehe 18 kuamkia 19 Mei dunia ingepita katika mkia huo. Magazeti yakaitangaza habari hii, wala si yote yaliyoeleza kwamba hewa ya mkia ni nyembamba mno, haiwezi kumdhuru hata mdudu. Katika miji ya Marekani na Ulaya watu waliziba matundu ya milango, na wajanja wakauza vidonge vya kukinga sumu ya nyota. Usiku ukapita, kukapambazuka kama desturi. Twaona kwamba hofu ya kale ilikuwa imevaa nguo za elimu. Watu walikuwa wamejifunza majina mapya, lakini bado waliuliza lile lile: "Imenijia mimi kwa sababu gani?"

Mwaka huo huo waliotaka ishara hawakuzikosa. Mfalme Edward wa Saba wa Uingereza alifariki tarehe 6 Mei. Mwandishi Mark Twain wa Marekani, aliyezaliwa tarehe 30 Novemba 1835, majuma mawili tu baada ya nyota hiyo kulikaribia jua, alikufa tarehe 21 Aprili 1910, siku moja baada ya kulikaribia tena. Naye alikuwa amesema kwamba alikuja nayo na anatumaini kutoka nayo. Neno hili lagusa moyo, wala hatutaki kulidharau. Lakini mwezi ule wa Novemba 1835 walizaliwa watoto wengi katika kila nchi, na wengi wao walikufa wachanga, na wengine katika miaka ambayo nyota ilikuwa mbali. Nao je, hawakustahili nyota?

Mwaka wa 1986 wanadamu walikwenda kuipokea njiani. Urusi ya wakati ule, iliyoitwa Umoja wa Kisovieti, na Japani na mataifa ya Ulaya walituma vyombo, na chombo cha Ulaya kiitwacho Giotto kiliipita tarehe 14 Machi kwa umbali wa kilometa 600 hivi. Picha zake zilionyesha bonge la barafu na vumbi, urefu wake kama kilometa 15, jeusi kama makaa. Likikaribia jua, barafu hugeuka mvuke na kutoka kwa nguvu, ikichukua vumbi. Ndiyo sababu ya mkia uliowatisha wafalme. Vumbi hilo hubaki njiani, na dunia hupita ndani yake mara mbili kila mwaka. Mtu wa Dodoma au Mombasa aamkaye kabla ya alfajiri mwanzoni mwa mwezi wa Mei, au katika siku za baada ya tarehe 20 Oktoba, aweza kuona vimondo ambavyo ni chembe za nyota ya Halley zikiungua hewani.

Basi tulijibu swali letu kwa kadiri historia hii ituruhusuvyo. Kama "ujumbe" maana yake ni barua iliyoandikwa kwa ajili ya mtu fulani, nyota hii haikuleta ujumbe hata mara moja. Lakini si kila kitu kisichokuwa barua ni kitu bure. Upepo wa kaskazi hauvumi kwa ajili ya nahodha, wala haujui kama amebeba tende au chumvi, wala haumwonei huruma akichelewa. Hata hivyo nahodha aliyejifunza majira yake hutoka Arabuni akafika Mombasa, na kusi ikivuma hurudi kwao. Upepo haukumwambia neno, naye amejifunza kwake. Vivyo hivyo nyota haikusema, lakini aliyeacha kuitegea sikio na kuanza kuipima alipata kweli iliyo moja kwa Mchina na Mbabeli na Mwingereza.

Na katika historia hii yote ujumbe ulikuwapo, ila haukushuka kutoka juu. Mwandishi wa Babeli alimwachia kibao mtu asiyemjua. Tycho na mwenzake wa Prague walilinganisha vipimo. Halley aliwaandikia watu ambao hawajazaliwa, nao Clairaut na Lalande na Lepaute wakamjibu, na mkulima wa Dresden akathibitisha. Ni wanadamu waliopelekeana habari chini ya mbingu iliyonyamaza. Mkulima yule tuliyemtaja mwanzo, aliyefiwa na mtoto, hatapata jibu katika mkia wa nyota. Mwenye imani atalitafuta kwa Mungu wake, nalo si jambo ambalo darubini yaweza kulithibitisha wala kulikanusha. Lakini kwamba taabu yake inajulikana nje ya nyumba yake, hilo atalijua kwa jirani ajaye kukaa naye matangani. Jirani asipokuja, hakuna nyota itakayokuja badala yake.

Mwezi wa Desemba 2023 nyota ya Halley ilifika mwisho wa njia yake ulio mbali na jua, ikaanza kurudi. Italikaribia jua mwezi wa Julai 2061. Watoto wanaojifunza kuhesabu leo katika madarasa yetu wataiona wakiwa watu wazima wenye nyumba zao, na bila shaka siku hiyo watakuwako wauza vidonge. Yatupasa sisi walimu kuwafundisha mapema njia yake, ili waitazame bila hofu na kuandika kwa uangalifu waliyoyaona; kwa kuwa baada ya hapo itarudi mwaka wa 2134, na watakaokuwapo wakati huo watahitaji maandishi yao.